Shazia Tumboni mwa Kiboko

Kopo lilikuwa na shazia kumi na moja. Fundi akazimwaga mezani, akazihesabu upya kwa kidole. Kumi na moja.

Karakana yake ilikuwa na sheria moja: hizo sindano nene za kushonea magunia asubuhi zinatoka kumi na mbili, kazi ikiisha zinarudi kumi na mbili. Mhesabuji alikuwa mama mkwe wake, kila siku. Leo bibi alikuwa uani anaanua nguo, ndiyo maana Fundi akahesabu mwenyewe.

Akageuka kumtazama kiboko wake wa vitambaa. Miezi saba ya kazi: ngozi ya jinzi kuukuu, mgongo wa mablanketi yaliyotupwa na hoteli, ulimi wa taulo jekundu. Watoto watano wangelala juu yake bila kusukumana. Saa sita mnyama huyo alitakiwa awe hospitalini, wodi ya watoto, mbele ya wageni. Sasa ilikuwa saa nne, na mle tumboni kulikuwa na chuma kirefu kama kidole.

Kosa alilijua. Simu ililia, akachomeka shazia ubavuni, akaenda kupokea. Aliporudi akashika nyingine. Vitambaa vikaimeza ile ya kwanza.

"Shemeji!" Mdogo wa mumewe, mwenye pikapu, alichungulia mlangoni. "Huyo mnyama anapanda mwenyewe au nimbebe mgongoni?"

"Ana shazia tumboni."

Kicheko kikamkauka. Akaleta sumaku ya spika mbovu, akaipitisha ubavuni. Ikanasa kila mahali, maana kiboko alijazwa suruali nzimanzima, na zipu zake.

"Tumbo lote hili, shemeji. Nani atafika huko ndani?"

"Haifikiwi, inakuja yenyewe. Watoto wakirukaruka, vitambaa vinaisukuma nje. Jichoni mwa nani, sijui."

Akashika mkasi, akachana mshono kuanzia kooni mpaka mkiani.

Mama mkwe akaingia na nguo mikononi. Akaona matumbo ya kiboko sakafuni, akasimama kama aliyepigwa msumari.

"Mama, shazia imepotea. Njoo tusaidiane."

Bibi akakaa chini. Wakachambua kitambaa kwa kitambaa, wakikamua kila pindo. Saa tano na nusu shemeji akapiga yowe, akanyonya kidole. Shazia hiyo, na uzi mwekundu wa asubuhi.

"Imenitafuta yenyewe! Haya, shindilia, funga, twende. Nitaendesha kama nimeiba."

Fundi alishaanza kurudisha vitambaa. Mama mkwe akamshika mkono.

"Usifunge, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Zimo nyingine."

"Mama, kopo linatimia kila siku."

"Linatimia kwa sababu nilitia zangu." Bibi alikuwa anaitazama sakafu. "Kuna mwezi ilipungua moja. Nikaogopa utasema macho yangu yamekwisha, nisikae tena karakana. Nikajaza pengo."

"Moja tu?"

"Halafu nyingine."

"Mama, zote ni mbili? Sema kweli."

"Mbili. Haki ya Mungu, mbili."

Shemeji akatazama saa, akatazama mlango. "Hizo zimekaa miezi bila kumchoma mtu…"

"Nyamaza," Fundi akasema.

Akampigia muuguzi mkuu. Alisema ukweli wote, hakupamba. Sauti ya upande wa pili ikaja kavu: "Wageni wako njiani. Nafasi ya kiboko wako nampa mwenye meza za plastiki."

"Sawa."

Akaweka simu, akarudisha mkono tumboni mwa kiboko. Alitamani kupiga kelele. Badala yake alichambua.

Ya pili ilipatikana saa nane, pajani. Ya tatu saa kumi na moja, kichwani, chini kidogo ya jinzi, pale ambapo mtoto angelaza sikio.

Fundi akaichomoa. Kisha akazitia zote koponi, akamsukumia mama mkwe.

"Hesabu, Mama. Kwa sauti."

Bibi akahesabu mpaka ya mwisho.

"Kumi na nne. Pamoja na zangu mbili."

"Kesho pia utahesabu wewe," Fundi akasema, akaanza kutunga uzi.