Kabla Ziwa Halijafunguliwa

Kila mwaka, Desemba ikianza, serikali hufunga uvuvi katika ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaana. Kwa sisi tunaovusha samaki na bidhaa kati ya Kashikishi, upande wa Zambia, na Kilwa, upande wa Kongo, hiyo ndiyo miezi pekee tunayoweza kuugua. Harusi husubiri ziwa lifungwe. Choo kilichobomoka husubiri. Mimi nilisubirisha macho yangu.

Nimevaa miwani mizito tangu ujana. Mtu anayefanya kazi nchi kavu hawezi kujua taabu ya miwani ndani ya boti. Maji yanaruka, vioo vinalowa, unafuta kwa kitenge, na kitenge nacho kimelowa. Miwani yangu ya kwanza ilizama, na ya pili ikaifuata. Tena ngozi ya kope zangu za juu ilikuwa imeanza kushuka, kama ilivyomshukia baba yetu, hata nikawa nainua kidevu ili nimwone mtu vizuri, na watu wa sokoni wakadhani ninaringa.

Basi nilipanga hivi: ziwa likifungwa niende Lusaka, wanirekebishe macho kwa leza, niachane na miwani. Kabla halijafunguliwa nivuke niende Lubumbashi, wanipunguze ngozi ya kope. Machi ikifika, nirudi kwenye boti nikiwa mtu mpya. Nilidhani jicho ni jicho, na kope ni kope, kila kimoja na fundi wake.

Simone alikubali mpango wangu haraka. Simone ni mdogo wangu wa tumbo moja, huniita Yaya, yaani dada mkubwa, na kazi ni yetu sote wawili: mimi navuka, yeye anauza Kashikishi. Alisoma Mununga, upande wa Zambia, kwa shangazi yetu, kwa hiyo anajua Kiingereza. Mimi nina Kiswahili chetu, Kibemba cha sokoni na Kifaransa kidogo. Daktari wa Lusaka hakujua hata kimoja kati ya hivyo, basi Simone alikuwa mdomo wangu na masikio yangu.

Yeye naye ana jicho lake. Kope la kulia lilianguka tangu kuzaliwa, linafunika nusu ya jicho, na halipandi. Wanawake wa sokoni wanamwita Kasinzia. Huitika na kucheka pamoja nao.

Siku ya pili baada ya leza, daktari alinipima, akafurahi. Nikamwambia Simone, "Muulize sasa juu ya kope. Mwambie mwezi wa pili niko naenda Lubumbashi, banikate hii ngozi."

Simone aliuliza. Daktari akaweka kalamu chini. Alisogea, akashika kope langu kwa kidole, akaliachia, akasema maneno mengi huku akinitazama mimi, si Simone. Nilitabasamu ili asione nimepotea. Akayarudia polepole, akionyesha jicho lake mwenyewe.

"Anasema je?"

"Anasema haina shida, Yaya. Ila usifikiche macho, na utie dawa yako."

"Maneno yote ile, njo hayo tu?"

Simone akacheka. "Batu ya Kingereza banapenda kuzunguka, Yaya. Akikuuliza umelala muzuri, utafikiri ni mahubiri."

Nami nikacheka. Tukatoka.

Februari ilipokaribia kwisha nilikuwa naona mbali kuliko wakati wowote wa maisha yangu, lakini macho yalikauka. Asubuhi yalikuwa kama yametiwa mchanga. Siku ya kuvuka, mabegi yakiwa tayari, nilipita kliniki ya Kashikishi kuomba dawa ya matone. Pale yuko Mwiche, muuguzi anayeshughulikia macho. Tuliongea Kibemba, yeye chake cha kuzaliwa, mimi changu cha kuuzia samaki, naye huniita Bamaayo, yaani mama.

"Bamaayo, macho haya ni makavu sana. Na begi hili, safari ya wapi?"

Nikamwambia.

Mkono wake wenye chupa ulibaki hewani. "Kukata kope? Sasa? Juu ya leza ya Desemba?"

"Daktari wa Lusaka amekubali."

"Amekubali?" Alikaa kitini. "Mimi si mtu wa leza, sitaki kumsemea mwenzangu. Namba yake unayo?"

Nilikuwa nayo. Alipiga, akaongea Kiingereza. Mimi nilitazama uso wake. Kwanza uliuliza, kisha ukasikiliza, kisha akanitazama mara moja, akageukia dirishani. Alipokata simu alisogeza kiti chake mbele yangu.

"Anakukumbuka. Anasema alikukataza."

"Alinikataza nini?"

"Kope. Anasema leza inakata kioo cha mbele cha jicho, na kioo hicho kinapona taratibu. Inapunguza pia machozi, ndiyo maana una mchanga huu. Ukikatwa kope sasa, watavuta na kubonyeza juu ya jicho ambalo halijapona. Na kope likishapunguzwa, kwa muda halifumbi sawasawa. Jicho kavu lisilofumba linapata vidonda. Unaweza kupoteza hiki ulichokipata, na zaidi ya hiki. Anataka upitishe nusu mwaka, kisha akupime. Ukavu ukiisha, ndipo mzungumze kope. Anasema hata ungeanza na kope ingekuwa vilevile, zipone kabisa kwanza, ndipo leza."

"Hakusema hivyo."

"Anasema alisema mara mbili, Bamaayo. Alirudia kwa sababu alikuona unatabasamu."

Nilivuta begi langu karibu.

"Anauliza aliyekuwa anakutafsiria ni nani," Mwiche akasema.

"Ni mdogo wangu."

Mwiche alifunga chupa ya dawa, akanipa, wala hakusema neno juu ya hilo. Namheshimu mpaka leo kwa ajili hiyo.

Njiani kwenda ziwani nilitembea polepole. Mimi si mtu wa kuwahi kulaumu. Gunia likipungua, kwanza naangalia kama mizani iko sawa. Basi nilipanga sababu moja moja. Labda Kiingereza cha daktari kilikuwa kigumu. Labda Simone alichoka, tulikuwa tumelala ndani ya basi. Labda alisikia nusu, akaona aibu kuuliza tena. Nilipofika ufukweni nilikuwa nimeshamsamehe, na bado sijamuuliza.

Simone alikuwa amekaa juu ya begi lake, tayari kunisindikiza, amevaa kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri kuliko safari inavyodai. Michée, mwenye boti, alikuwa ndani akimimina petroli kwenye injini.

"Yaya, umechelewa! Michée anatutukana tangu asubuhi."

"Sijatukana mutu," Michée akasema bila kugeuka. "Nilisema tu kama hata bibi harusi anawahi kuliko nyinyi."

Nilimvuta Simone kando, kwenye vichanja vya kuanikia chisense. Msimu huo vilikuwa vitupu, hata zile dagaa ndogo za mwisho zilikuwa zimekwisha.

"Simone. Munganga wa Lusaka alisema je juu ya kope?"

"Si nilikuambia?"

"Mwiche amemupigia simu sasa hivi."

Alishika ncha ya kilemba chake. "Labda sikusikia muzuri, Yaya. Kingereza ya bale batu iko inapita mu pua."

Ilikuwa ndiyo sababu yangu ya kwanza, ile ile niliyotoka nayo kliniki, na kuisikia mdomoni mwake kulinipa raha. "Haina neno," nikamwambia. "Ngoja nimupigie ndugu Zéphirin, tusogeze safari."

Zéphirin ni mtu wa kanisa letu aliyehamia Lubumbashi. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa kwa yule daktari wa kope. Simone ndiye aliyekuwa akipanga naye kila kitu.

"Hapana, hapana, acha," Simone akanishika mkono. "Miye nitamupigia."

Lakini simu ilikuwa imeshaita. Niliweka sauti juu kwa sababu ya upepo.

"Mama Méschac! Muko mu boti?"

"Hatujapanda, ndugu. Niko na neno. Mwezi wa kumi na mbili balinifanya leza ya macho kule Lusaka. Munganga anakataza kope kwa sasa."

"Leza?" Zéphirin akauliza. "Mais, Mama, nilimuuliza Simone. Munganga wetu anauliza kila mutu: balikukata macho? Ulifanya leza? Simone akasema hapana. Nikamuuliza tena, ju ni swali kubwa. Akasema, 'Yaya yangu, hakuna mutu amemugusa macho.'"

Nilimtazama Simone. Alikuwa anatazama mchanga.

"Bon, basi kwako haiwezekani," Zéphirin akaendelea. "Na ya Simone tutaongea upya. Ile ya bure ilikuwa ju muko babili: analeta mwenye kulipa, yeye anafanyiwa bila kitu."

"Ya Simone?"

"Ee, kope yake. Hakukuambia?"

Nilimshukuru, nikakata.

Michée alimaliza petroli, akaanza kupakia mabeseni ya watu wengine. Nilikuwa napanga tena, moja moja, safari hii upande wa pili. Mtu asiyeelewa hatari haifichi. Simone aliulizwa na Zéphirin, akaificha. Akaulizwa tena, akaificha tena. Basi kule Lusaka alielewa vizuri. Alielewa kila neno, akiwa amekaa karibu yangu, magoti yetu yanagusana, mimi nikimtabasamia daktari.

"Ulisikia yote," nikasema.

Sikutegemea akubali, lakini alikubali. "Nilisikia."

"Alisema naweza kuharibika macho."

"Alisema 'labda'. Banganga banapenda kuogopesha. Nilifikiri haitafika huko."

"Ulifikiri juu ya macho ya nani?"

Aliinua uso, akaweka kidole chini ya kope lake bovu. "Angalia hii, Yaya. Mutu ananunua samaki kwangu anafikiri nasinzia. Pasteri mupya alisema mbele ya kanisa nzima, 'Mama ule aamke.' Nikacheka. Siku zote miye njo wa kucheka. Zéphirin akaniambia ukileta mutu moja, weye ni bure. Ningefanya je?"

"Ungeniomba. Ningekulipia, Simone. Hata ningeacha kope zangu, kwanza tufanye yako."

"Kukuomba?" Sauti yake ilipanda, mwanamke mmoja aliyekuwa akishona wavu akageuka. Simone akaishusha. "Masomo niliomba. Meza ya sokoni niliomba. Bwana aliponifukuza, chumba cha kulala niliomba. Kintu kimoja tu nilitaka nipate bila kusema 'Yaya, tafadhali'."

"Njo ukaona kilipwe na macho yangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme je?"

Alifuta uso kwa ncha ya kitenge kipya. Kisha akasema, na sijui kama alijua anachosema: "Na weye umepiga simu mbio sana. Ungengoja tufike. Ningeingia wa kwanza, kisha weye ungekataa kule kule."

Mpaka hapo nilikuwa bado namtafutia njia. Hilo la kope lake lilinigusa. Hata uchovu wake wa kuomba niliuelewa, kwa sababu ni kweli aliomba, na ni kweli nilitoa nikiwa nimejaa majivuno kidogo ya mtoaji. Lakini neno hili la mwisho lilinionyesha mahali niliposimama kwenye hesabu zake. Alikuwa na huzuni kwa ajili ya safari iliyoharibika. Macho yangu, yaliyokuwa yakiniuma pale pale mbele yake, hakuyaulizia hata mara moja.

"Mama Méschac!" Michée aliita. "Munapanda ao nijaze mawe pa nafasi yenu?"

Wanawake watatu waliokuwa wameshakaa botini walitugeukia. Wote wanauza meza za karibu na Simone.

"Hatupandi, Michée," nikasema. "Mutu wetu wa Lubumbashi amepata kilio."

"Pole, Mama. Ni nani?"

"Ni wa mbali. Hamumujue."

"Pole sana. Mungu abasaidie."

Nilishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka laini, na uso wangu ukaufuata. Michée alivua kofia yake kidogo. Akavuta kamba ya injini, boti ikageuza pua kuelekea Kilwa.

"Asante, Yaya," Simone akasema kwa sauti ndogo.

"Usinishukuru. Sikufanya ju yako. Sitaki soko nzima ikujue vile miye nakujua leo."

Alichukua begi lake. Akanyoosha mkono achukue na langu, kama siku zote, nikalivuta upande wangu. Tulisimama hivyo, kila mmoja hajui nani aanze kutembea.

"Randevu ya kupimwa Lusaka ni mwezi wa sita," akasema mwishowe. "Nitakupeleka, Yaya. Nitakuambia neno kwa neno. Naapa."

"Mwiche atakuwa kwa simu. Yeye njo atanitafsiria."

"Mwiche? Na Kibemba yako ni ya kuuza samaki!"

"Ile anasikia, anaisema yote."

Tulipanda njia ya kwenda sokoni, yeye mbele, mimi nyuma. Mbele yetu wanawake walikuwa wanakaza vichanja vyao kwa kamba mpya, kwa sababu ziwa lilikuwa linakaribia kufunguliwa, na mmoja wao akamwita kwa furaha, "Kasinzia! Si mulikuwa munavuka leo?" Simone akacheka, akaitika.