Povu la Mwalimu Fabian

Mwaka 1983 sabuni iliadimika Kisarawe, na mimi, Fabian, mwalimu wa kemia, nilikuwa nimetunga jaribio la kuonyesha kila mwanafunzi amekwama wapi. Maswali arobaini! Niliyapenda hadi nikawa nayasoma peke yangu kwa sauti. Swaumu, binti wa Kibuta, alipata sita. Mkuu wa shule, Mzee Mwinyijuma, akaamua kwamba Ijumaa ikifika jina lake litolewe kwenye mchepuo wa sayansi. Swaumu alinililia abaki, nami nikajifanya nasahihisha madaftari.

Jumatano jioni nililoweka shati langu kwenye maji ya majivu, kama wenzangu wote siku hizo. Nikaona nitie utaalamu: nikakamulia ndimu nne ili yawe makali zaidi. Povu likapanda hadi ukingoni mwa ndoo. Nilifurahi kama niliyepata mche mzima wa sabuni.

Swaumu akapita na jembe, anatoka shamba la shule.

"Shikamoo, mwalimu. Umetia ndimu?"

"Marahaba. Huoni povu?"

"Hilo povu la kuagana, mwalimu. Ndimu na majivu vinamalizana nguvu. Shika maji uone, hayatelezi tena."

Nikayashika. Hayakuteleza hata kidogo. Asidi na besi! Nimelifundisha jambo hilo miaka sita, na lilikuwa swali langu la kumi na nane. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Mbona swali la asidi na besi ulilikosa?"

"Lilitaka fomula, mwalimu. Mimi nimezoea ndoo."

Basi nikachana karatasi zangu za maswali arobaini. Alhamisi niliingia darasani na ndoo, majivu, ndimu na maswali kumi tu: nini kitatokea, na kwa nini? Adamu, bingwa wetu wa fomula, alipata matatu. Swaumu alipata nane.

Mzee Mwinyijuma aliyatazama matokeo akakunja uso.

"Fabian, umetunga maswali mepesi ili umwokoe huyu mtoto."

"Basi jibu swali la kwanza tu, Mkuu. Ukikamulia ndimu kwenye maji ya majivu, yatafua vizuri zaidi au vibaya?"

"Si yanatoa povu? Vizuri zaidi!"

"Umekosa, Mkuu. Hata mimi nilikosa."

Nilidhani nimejiharibia kazi. Halafu akaanza kucheka, tumbo likatikisika. Akavuta orodha ya mchepuo wa sayansi, akaangalia jina la Swaumu, akaliacha palepale.

"Kamwite," akasema, akisogeza kiti cha wageni. "Aje anieleze kwa nini."