Tumbo la Tuulikki

Jumanne moja ya Februari mwaka 1961, katika mji wa Iisalmi, Tuulikki Kemppainen alikuwa anakata mkate mweusi wa asubuhi alipoona kwamba ngozi yake, kuanzia kitovuni kwenda chini, imegeuka kioo. Alimaliza kukata mkate, akasogea dirishani kwenye mwanga wa theluji, akafungua vifungo vya gauni.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mfuko wa uzazi ulikuwa mdogo kama tunda la pea lililopinduliwa. Mirija miwili ilitoka kulia na kushoto, na karibu na mwisho wa kila mmoja palikuwa na ovari nyeupe, kubwa kama lozi. Katika ile ya kushoto kifuko kimoja kilikuwa kimevimba, kikiivisha yai.

"Urpo, hebu njoo uone," alimwita mumewe.

Urpo alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha mbao. Alitazama huku akitafuna. "Jifunike, utapata baridi," alisema. "Kahawa iko wapi?"

Walikuwa wameoana miaka saba na hawana mtoto. Tuulikki alikuwa amepimwa mara kumi na moja. Mirija yake ilipulizwa hewa, akakatazwa baiskeli, akaamriwa kulala miguu juu. Urpo hakuwahi kupimwa, kwa kuwa alikuwa na sauti nzito.

Jumapili mama mkwe wake, Hilkka, alikuja na andazi tamu la iliki. Alivaa miwani, akainama.

"Mayai yako ya zamani haya," alisema.

"Ya kila mwanamke ni ya zamani, mama. Yalikuwa ndani yangu nikiwa bado tumboni mwa mama yangu. Hayaongezwi tena."

"Kumbe kosa ni la mama yako."

Alhamisi yai lilitoka. Lilikuwa dogo kuliko chembe ya chumvi, likaingia kwenye mrija na kutulia. Tuulikki alikaa nalo siku nzima, akifuma soksi. Kesho yake lilinywea, likayeyuka. Machi likatoka jingine. Alikuwa na miaka thelathini na saba na aliweza kuona kwa macho yake jinsi yaliyobaki yalivyopungua.

"Nenda ukapimwe na wewe," alimwambia Urpo, "mara moja tu."

"Mimi? Unanijua mimi ni nani? Mwanamume hutengeneza mbegu mamilioni kwa siku!"

Jumamosi ya kwanza ya Aprili, Urpo alikuwa saunani, kwenye chumba cha kuoga mvuke, na kaka yake Eino na jirani yao Veikko, mtu wa kupandikiza ng'ombe mbegu katika wilaya nzima. Eino alimwaga maji kwenye mawe. Mvuke ulipopungua, waliona kwamba korodani za Urpo nazo zimekuwa kioo.

Veikko alizitazama kama anavyotazama mali ya mteja. Ndani mlijaa vijirija vilivyojikunja kama uzi, vyote vitupu.

"Humu kila seli inatakiwa igawanyike mara mbili, itoe mbegu nne," alisema. "Kila mbegu inachukua nusu ya urithi wa baba, inaota mkia, na kazi yote ni kama siku sabini na kitu. Kwako hakuna hata mkia mmoja."

"Maana yake nini?" Eino aliuliza.

"Fahali wa namna hii sisi tunampeleka buchani."

Walicheka wote watatu, Urpo kuliko wenzake. Kisha wakazungumza habari za mpira wa magongo. Veikko akiwa njiani kwenda kwake alimpa Tuulikki pole, naye akashukuru.

Hilkka alipoonyeshwa, alisema mwanawe amepigwa na baridi, akamtaka Tuulikki amfumie chupi ya sufu. Tuulikki alikataa. Badala yake alimshika Urpo mkono, akampandisha basi mpaka hospitali, akamwambia Daktari Lindroos, aliyekuwa akimpima Tuulikki miaka yote, "Leo namtaka apimwe yeye."

"Mvue nguo, daktari, utaona mwenyewe," aliongeza.

Urpo alivua. Daktari Lindroos alitazama kwa muda mrefu, akavuta kiko chake. Halafu akachukua blanketi, akamfunika Urpo kiunoni kwa upole, akampa kiti na gazeti.

"Tusimwaibishe bwana," alisema. "Tuanze na mama."

Aliita wanafunzi wake sita. Tuulikki alipanda kitandani, taa ikavutwa karibu. Yai la mwezi huo lilikuwa limetoka asubuhi ile ile. Lilikaa kwenye mrija wa kulia, zima, la mviringo.

"Zuri sana," mwanafunzi mmoja alisema.

"Naliona," Tuulikki alisema. "Muulizeni na yule mwenye gazeti, mbegu zake ziko wapi."

Wanafunzi waliandika kuhusu yai. Daktari Lindroos alifungua faili, na kwenye mstari ulioandikwa "Sababu ya ugumba" akaandika jina la Tuulikki, akampangia kipimo cha kumi na mbili.