Shingo Iliyofugwa

Dokta Maxime alikuwa na mikono laini na maneno mengi, na Houda, mshonaji wa mtaa wa Buyenzi, hakuwahi kumpenda. Lakini mwenye shida hachagui. Tezi ya shingo ilikuwa imemvimba mpaka mtandio haufichi kitu, na kila alipokwenda kuuliza siku ya kupasuliwa, alipigwa picha za eksirei, shingo na mabega, na kupewa jibu lilelile: vita, mama; majeruhi wa Kinama wamejaza vitanda, vumilia. Miaka ile vita vilikuwa kisingizio cha kila mvivu mjini Bujumbura. Hata hivyo mtaa wa Kinama ulikuwa unawaka kweli, na Houda aliona haya kugombea kitanda na mtu aliyepigwa risasi. Akavumilia. Bega la kulia lilipoanza kumuuma, akailaumu cherehani.

Ndipo daktari akamwalika kwenye mkutano wa madaktari, katika hoteli moja kando ya ziwa.

"Uje tu wakuone," alimwambia. "Kisha nakupasua."

Akakalishwa mbele, shingo wazi, akitazamwa na mabwana waliokuwa wakitafuna sambusa. Mizinga inanguruma milimani, wao wanagombania soda baridi! Maxime alizungumza Kifaransa, maana hakudhani mwanamke wa Buyenzi mwenye mtandio angekijua. Houda alisomeshwa na masista, lakini nani aliwahi kumuuliza?

Maxime alieleza vizuri, mshenzi yule. Chembe ya mwili, alisema, husoma agizo la jeni, hukata vipande isivyovihitaji, kisha huunga vilivyobaki. Usimamizi wa ukataji huo ukiharibika, chembe ya saratani huunga agizo jingine kabisa, agizo la kuhama: inabanduka kwenye tezi, inasafiri na damu, inajenga mbali. Houda alielewa mara moja. Kitambaa kilekile hutoa gauni, na hutoa sanda, inategemea kimekatwaje.

Kisha akaweka picha mbili za eksirei kwenye taa. Bega la kwanza zima. La pili lina tundu jeusi, kama nguo iliyoliwa na nondo.

"Ni mgonjwa huyuhuyu," alisema kwa fahari. "Tumeufuata ugonjwa hatua kwa hatua mpaka kwenye mfupa."

Mzee mmoja nyuma akauliza mbona hakuiondoa tezi mapema.

"Ningeiondoa, leo ningewaonyesha nini?"

Ukumbi ukacheka. Houda akasimama, na kwa mara ya kwanza wakamtazama usoni.

"Docteur, mi nasikia Kifaransa."

Kicheko kikakatika.

"Ulinifuga sawa mbuzi ya Idi. Lakini mbuzi ya Idi anapata kisu siku yake. Mi, hata kisu ulininyima."

"Mama, tulia," Maxime alinong'ona, sasa kwa Kiswahili. "Kesho asubuhi nakupasua."

"Kesho gani? Apana. Weye si muganga, weye ni mutu wa maonyesho."

Akazibandua picha kwenye taa, zote mbili, kwa kuwa mifupa ile ilikuwa yake. Akajifunga mtandio na kuwapita wale mabwana, waliokuwa wameinamia sahani zao kama watoto waliokamatwa wakidokoa. Aliwadharau wote, na alijidharau kidogo na yeye kwa uvumilivu wake.

Barabarani bega likamchoma. Akazihamishia picha mkono wa kushoto. Maskini cherehani, aliisingizia bure.