Bia Aliyoiagiza Rolland

Rolland Koepsell alikuwa mgonjwa wa kufa, na alilisema hilo mwenyewe mezani huku akipaka siagi kwenye mkate. Saratani ya kongosho ndiyo iliyomponza, madaktari walishanyoosha mikono, na Krismasi kwake ilikuwa mbali sana. Kisha akamwambia mdogo wake, Delbert, kwamba hana shida na mtu, ila anatamani kuonja tena bia aliyokuwa akiipika babu yao shambani.

"Ile ya nafaka," alisema. "Si hii yako ya kopo."

Delbert alicheka, lakini ilimchoma. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akipika bia gerejini kwa kuyeyusha rojo ya kimea inayouzwa kwenye makopo, na majirani, watu wa jimbo la Wisconsin wasiotaniwa kwenye mambo ya bia, waliisifia mpaka akavimba kichwa. Kumbe kaka yake alikuwa akiinywa kwa kumstahi tu.

Basi akanunua vyombo. Akanunua kinu cha shayiri, tangi lenye chujio chini na sufuria unayoweza kumwogeshea ndama. Arlys, mkewe, aliyatazama maboksi, akauliza kama gari litalala nje na theluji yote hii. Likalala nje.

Kilichomnyima Delbert usingizi ni muda. Bia ya nafaka ikishapikwa inataka majuma ya kuchachuka, na mengine ya kutulia ndani ya chupa, na Rolland alikuwa anakwisha huku wanamwona. Kila Jumapili mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Hii ikiharibika, ya pili haitamkuta, na Delbert alijua hatajisamehe.

Ndiyo maana siku ya kupika alivuruga. Kinu kinatakiwa kupasua punje tu, maganda yabaki mazima, maana hayo maganda ndiyo yanayochuja. Delbert alilijua hilo fika. Lakini alipoziona zile punje zimepasuka kidogo tu, akaona utamu utabaki ndani. Akasaga mara ya pili. Bado hakuridhika, akakaza kinu, akasaga tena, ukatoka unga wa kukandia mkate.

Na Rolland naye alikuwa papo hapo. Aling'ang'ania kuja, Arlys akamkalisha karibu na hita, blanketi magotini na kofia yake ya kuwindia kichwani. Delbert angetoa chochote asiwe pale.

Kimea hicho cha shayiri kikalowekwa kwenye maji ya moto, wakangoja, kisha Delbert akafungua bomba. Yakadondoka matone machache, halafu kimya. Akakoroga, akaongeza maji, akapuliza kwenye mpira wa bomba mpaka macho yakamtoka. Ndani ya tangi kulikuwa na ugali. Jasho lilimtiririka kwenye baridi ile. Arlys akasema taratibu kwamba makopo bado yapo kabatini.

"Usinitajie makopo," Delbert alisema, akajuta hapo hapo.

Rolland akauliza kuna nini. Akajibiwa hakuna kitu, inachuja polepole tu.

"Mdogo wangu, wewe tangu utoto ukidanganya masikio yanakuwa mekundu."

Delbert akakiri yote. Arlys akaingia ndani, akarudi na foronya safi, wakavaa glavu, wakawa wanachota ule ugali na kuukamua kidogo kidogo. Ikapatikana togwa, nzito, ya rangi ya matope. Mpika bia yeyote anayejiheshimu angeificha. Delbert aliiteleka hivyo hivyo, akawasha moto, akashika mkononi maua machungu yanayoipa bia ukali wake, ya kutia ikichemka.

Rolland akaomba kikombe. Delbert akamweleza kwamba hiyo si bia, ni utamu mtupu, haina hata kilevi. Rolland akanyoosha mkono tu. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Delbert akasubiri kuambiwa imeharibika.

"Hii ndiyo babu aliyokuwa akinipa," Rolland alisema. "Akishakamua, kabla ya kuchemsha. Wewe ulikuwa bado wa kubebwa. Bia yenyewe hakuwahi kunionjesha, bibi angemtoa roho." Akanywa tena, machozi yakimtoka bila kuyaficha. "Miaka yote hii nikidhani ilikuwa bia."

Delbert alisimama na maua yake mkononi. Sufuria ilikuwa imeanza kuvuma.

"Usiitie hayo," Rolland akasema. "Iache hivi."

"Isipochemka, kaka, kesho itakuwa imechacha."

"Basi tuinywe leo."

Delbert akazima moto. Arlys alikuwa ameshakwenda kuleta vikombe viwili zaidi.