Chujio Jekundu la Mkwe

Mkunga alikuwa na gari moja kuukuu, na barabara yake ya kazini ilipita kando ya machimbo ya kokoto, mahali ambapo vumbi huingia hata kwenye mkoba uliofungwa zipu. Mume wa binti yake alimletea zawadi: chujio la hewa la pamba, jekundu, linalopakwa mafuta maalumu.

"Hili hulitupi, mama. Unaliosha, unalipaka mafuta, linarudi kazini."

Kila mwezi alikuja mwenyewe kuliosha. Hakuwa na maneno mengi, na mkunga naye alikuwa amemkazia uso tangu siku ya posa. Basi wakawa wanazungumzia chujio tu.

Mwaka haukuisha, gari likaanza kula oili. Fundi wa gereji, waliyemwita Polepole, alichomoa bomba la hewa nyuma ya chujio, akapitisha kidole ndani. Kilitoka cha kahawia.

"Vumbi linapenya. Linasugua injini kama msasa."

"Usimwambie mkwe wangu," mkunga akasihi.

"Mficha uchi hazai, mama. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Mkunga akacheka bila kupenda. Jioni alimpigia mkwewe simu. Hakumlaumu, alimwambia tu, "Njoo tupime, mwanangu."

Wakanunua mengine mawili, la karatasi na la sponji. Kila moja kati ya yote matatu lilikaa garini wiki nzima, barabara ileile. Kabla ya kulifunga walisafisha bomba. Wiki ikiisha, mkwe alilipangusa bomba hilo kwa ndani kwa kitambaa cheupe na kuandika tarehe pembeni. Kwa sponji gari lilikimbia kwa wepesi, lakini kitambaa kilitoka na rangi ya chai. Cha lile jekundu kilikuwa hivyohivyo, tena na ute wa mafuta. Cha karatasi kilibaki karibu cheupe, ingawa karatasi yenyewe ilikuwa chafu kiasi kwamba Polepole alisema itabidi ibadilishwe mapema kuliko kawaida.

Mkwe alisimama pale gereji na vitambaa vitatu mkononi.

"Kumbe nilikuwa nakuharibia gari."

Mkunga alitaka kusema hapana. Lakini uongo haukuwa kazi yake.

"Limeumia kidogo, ndiyo. Ila tangu baba mkwe wako afariki, hakuna mwingine aliyewahi kufungua boneti hili kwa ajili yangu."

Kijana akainamisha kichwa. "Nilikuwa natafuta sababu ya kuja. Kuja mikono mitupu naona haya."

"Nyumba yangu ina mlango, haina kiingilio," mkunga akamjibu.

Polepole, aliyejifanya hasikii, alikohoa. "Chujio lenyewe si baya, jamani. Wewe, kijana, gari lako unaliendesha mjini kwenye lami, lifunge kwako. Huku kwenye vumbi, karatasi."

Wakafanya hivyo. Injini ilitengenezwa, ikatulia.

Jumamosi iliyofuata mkwe alibisha hodi bila kifurushi chochote. Alikuta mama mkwe wake anamenya viazi, akavuta kigoda, akashika kisu cha pili. Mkunga aligundua siku hiyo kwamba kijana ni msemaji hasa: alimsimulia mechi nzima ya mpira, goli kwa goli, hadi viazi vikaiva. Mkunga hakuelewa hata nusu. Alimwomba arudie lile goli la mwisho.