Watatu Si Kundi

...na kunanuka humu, mama yangu, duka zima linanuka kama kitambaa cha vyombo cha juzi, na huyu muuza samaki katia mkono tangini mpaka kwapani, kwapa la mtu mzima ndani ya maji wanamokula viumbe, kisha anajipangusia shati, anatuambia hawa wadogo wa kijani ndio wa kumfaa mwenye matumbawe nyumbani, hawayaguguni, wanaogelea kwa kundi, kundi, anasema kundi, na mimi na uzee wangu nacheka peke yangu, maana herufi ya mwisho ikiteleza tu hapo linatoka neno la kuchapiwa... "Mama, unawaonaje?" mkamwana ananiuliza, nawaonaje, nawaona wanakunya, bibi we, wanakunya na kumeza humohumo, ndio mnaotaka kuniwekea sebuleni penye kiti changu, lakini nasema "Wazuri," kwa ile sauti yangu anayoijua, amekonda huyu, gauni kalibana kwa pini kiunoni, na mwanangu kajitenga kule kwenye taa za matangi, anajifanya anasoma maboksi, tangu asubuhi hawajasemezana, na begi la mkewe nimeliona mimi, nyuma ya mlango wa chumba chao, limefungwa zipu, macho yangu hayajafa, nikampigia dada yangu kabla chai haijapoa, nikamwambia huyo anarudi kwao, afadhali tupumue... "Nipe watatu," mkamwana anamwambia muuza samaki, "nyumbani tuko watatu," watatu! na begi lako hilo!... "Watatu si kundi, dada," anacheka yule bwana, "hawa wakiwa wachache, wawili humwandama mmoja, wanamdonoa mapezi, leo kidogo, kesho kidogo, hawamuui kwa siku moja, ila siku unahesabu unakuta hayupo," ananyoosha kidole nyuma ya jiwe, kuna mmoja hapo, mkia umebaki uzi, anahema, na wawili wanakuja, wanadonoa, wanarudi zao safi kama wametoka kusali, ptu! huyo namjua, huyo ni mimi, mjane niliyehamishiwa kwa watu, wao wawili na mimi mmoja... ila Jumapili, mezani, nani aliyesema mchuzi wa mkamwana huu hata bata mla matope angeomba radhi asiule, mimi, na nani aliyecheka mpaka akapaliwa, mwanangu, na nani aliyeinuka kuosha vyombo hatujamaliza kula, katupa mgongo, bomba kalifungulia lote tusimsikie... tulimsikia, nikamkonyeza mwanangu, akacheka tena... nyani haoni, haya, malizia mwenyewe, bikizee, lile neno ulilokuwa ukilichekea, limekuja na miguu yake... "Mama, wangapi basi?" kasimama, pini kiunoni, muuza samaki kashika wavu unadondosha maji, mwanangu yuko palepale kwenye maboksi yake, na simu inatetemeka kifuani mwangu, dada yangu huyo, anataka kujua keshaondoka au bado, inatetemeka, iache itetemeke, mdomo huu una ladha ya pezi, nalitema wapi, naufumbua, "Mwanangu," nasema, anageuka yule wa kiume kama alivyozoea, lakini mimi simtazami yeye...